Kubuni skafu na kofia za kufuma kutokana na michoro ya mkeka: nianzie wapi?

UziMwekundu (Njombe):

Habari zenu wafumaji wenzangu, na wakubwa wote shikamooni. Ninafuma skafu na kofia za baridi hapa Njombe, ambako kuanzia Juni hadi Agosti mtu hatoki nje asubuhi bila kujifunika kichwa na shingo, na nashukuru kwamba wateja ninao. Hata hivyo, karibu kazi zote ninazouza zimetokana na maelekezo ya watu wengine, na kofia ninayofuma mimi haitofautiani na ya jirani yangu kwa sababu sote tumeichukua mahali pamoja. Sasa nataka kubuni seti yangu mwenyewe, skafu na kofia zinazokwenda pamoja, ambayo mtu akiiona sokoni atajua imetoka mkononi mwa nani.

Upande wa mama yangu ni watu wa Pangani, na nyumbani tumehifadhi mikeka iliyosukwa na bibi zangu, yenye ukili (mkanda wa miyaa uliosukwa) wa rangi ya zambarau, kijani na nyekundu. Mistari yake inakwenda mshazari, inapishana, na katikati yake yanatokea maumbo ya almasi. Nimelichora umbo hilo kwenye daftari la hesabu, miraba 20 kwa upana na miraba 20 kwa kimo, lakini likifumwa kwa sindano mbili linatoka limebonyea. Natumia uzi wa akriliki na sindano za milimita 4.5, na katika sentimita 10 ninapata vitanzi 20 kwa upana na mistari 28 kwa kimo.

Naomba kueleweshwa namna ya kulirekebisha umbo hilo, na namna ya kupata hesabu ya kofia bila kutegemea maelekezo ya mtu mwingine. Ningependa pia kujua kama mchoro uliotoka kwenye mkeka wa bibi unaweza kuitwa wangu. Nina wasiwasi nisije nikadai kisicho changu.

FundiLimuru:

Salamu kutoka Limuru, ambako Julai inatupatia kazi nyingi kama huko kwenu. Dada UziMwekundu, umefanya vizuri kuja na vipimo, kwa sababu jibu la swali lako la kwanza limo ndani yake. Mraba wa daftari una pande sawa, lakini kitanzi cha sindano mbili ni kipana kuliko kimo chake: kwa vipimo vyako, kitanzi kimoja kina upana wa milimita 5 na kimo cha milimita 3.6 hivi. Miraba 20 kwa 20 ikifumwa inakuwa sentimita 10 kwa upana na sentimita 7 na kidogo kwa kimo. Ili almasi isimame sawasawa, vitanzi 20 vinahitaji mistari 28. Nakushauri uliache daftari la hesabu na ujichoree karatasi yako kwa rula, yenye visanduku vipana vilivyo vifupi, ili visanduku 5 kwa upana vilingane na visanduku 7 kwa kimo. Ukichora juu ya karatasi hiyo, unachokiona ndicho kitakachotoka kwenye sindano.

Mstari wa mshazari, ambao ndio hasa unaoufanya ukili uonekane ukili, nao una hesabu yake. Ukisogeza rangi kitanzi kimoja katika kila mstari, mshazari utalala mno. Katika kila mistari 7 sogeza mara 5 tu, na katika ile miwili iliyobaki weka rangi juu ya rangi bila kusogea, lakini usiifuatanishe hiyo miwili. Mimi huituliza kwenye mstari wa 3 na wa 6. Ukiishika kazi karibu na jicho utaona vituo hivyo, lakini ikivaliwa jicho linaona mstari ulionyooka kutoka pembe hadi pembe.

Kabla ya hesabu ya kofia, fuma sampuli nyingine. Vipimo ulivyotuletea nadhani ni vya rangi moja. Ukifuma kwa rangi mbili, uzi usiotumika unapita nyuma ya kazi, kitambaa kinakuwa kizito zaidi, hakivutiki kama awali, na mara nyingi kitanzi kinakaribia kuwa mraba. Ifume kwa mzunguko kama kofia yenyewe, kwa sababu mkono wa wengi wetu unabadilika tunapogeuza kazi na kufuma mstari wa kinyume. Iwe na upana wa kutosha kupima sentimita 10 katikati bila kugusa kingo, kisha uioshe namna mteja atakavyoiosha, uianike ilale, na uipime ikiwa kavu. Watu wengi huona sampuli ni kupoteza uzi. Mimi naona ndiyo kazi yenyewe ya ubunifu, kwa kuwa kila uamuzi mwingine unaitegemea.

Katika kuchora, jiwekee mipaka miwili. Kwanza, usitumie zaidi ya rangi mbili katika mstari mmoja, hata kama kofia nzima ina rangi tano. Wafumaji wa visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, wamefuma hivyo kwa vizazi vingi, na kazi zao zinazoitwa Fair Isle zinajulikana kwa wingi wa rangi ingawa kwa kawaida kila mstari una mbili tu. Pili, usiache rangi moja iruke zaidi ya vitanzi 5 bila kutumika, kwa sababu uzi mrefu unaoning'inia ndani ya kofia unanasa kwenye nywele na hereni. Almasi tupu yenye upana wa vitanzi 20 ina uwazi mkubwa katikati. Chora almasi ndogo ndani ya kubwa, na nyingine ndani yake, mpaka pasiwe na uwazi unaozidi vitanzi 5. Ukiutazama mkeka wako vizuri, huenda ukakuta bibi zako walijaza uwazi kwa njia hiyo hiyo.

Na usidhani kwamba ubunifu ni kutafuta mshono ambao hakuna aliyewahi kuufuma. Katika kisiwa cha Taquile, kwenye Ziwa Titicaca nchini Peru, wanaume ndio wanaofuma kofia zao zenye masikio, wakitumia michoro inayojulikana na kisiwa kizima, na sanaa yao ya nguo imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika tangu 2008. Michoro ni ya wote, na bado kila mfumaji anaamua mwenyewe rangi, ukubwa na mpangilio. Katika maamuzi hayo ndipo mkono wako utakapoonekana.

KulabuTanga:

Shikamoo mama FundiLimuru. Dada wa Njombe, habari za baridi?

Mimi ni kijana wa Tanga na ninafuma kwa kroshia, yaani kwa kulabu moja, kwa hiyo nitazungumzia upande huo, kwani huenda ukataka kofia yako iwe ya kroshia na skafu iwe ya sindano mbili. Kofia ya kroshia kwa kawaida huanzia juu, kwenye utosi, na hesabu yake ni ya duara. Chukua mzunguko wa kichwa, punguza sentimita 3 hivi ili kofia ishike, kisha gawanya kwa 3.14. Kichwa cha sentimita 56 kinakupa sentimita 53, na ukigawanya unapata sahani yenye upana wa sentimita 17 kasoro kidogo. Fuma sahani bapa hadi ifikie upana huo, kisha acha kuongeza, nayo itaanza kushuka kuwa ukuta wa kofia.

Sahani ya mishono mifupi huongezwa mishono 6 katika kila mzunguko, na ya mishono mirefu huongezwa 12. Kingo zikijikunja kuelekea juu kama bakuli, unaongeza kidogo mno. Zikifanya mawimbi, unaongeza kupita kiasi. Usiziweke nyongeza moja juu ya nyingine katika kila mzunguko, kwani sahani itakuwa na pembe sita badala ya kuwa duara. Zihamishe, mzunguko huu mwanzoni mwa sehemu na mzunguko unaofuata katikati yake.

Kuhusu mchoro wa ukili, kuna jambo moja ambalo michoro ya kroshia inayofumwa kwa mzunguko hailikwepi. Mshono mfupi hauketi juu kabisa ya ule wa chini yake, bali unakaa pembeni kidogo, na kwa mtu anayetumia mkono wa kulia kila mzunguko unasogea upande wa kulia. Ukichora mstari wima, baada ya mizunguko 20 utakuwa umeinama wazi. Almasi inainama pia, upande mmoja ukawa mkali na mwingine ukalala. Unaweza kulizuia hilo kwa kuingiza kulabu katikati ya miguu miwili ya mshono wa chini badala ya kuipitisha chini ya vitanzi viwili vya juu. Mishono itasimama wima na kitambaa kitafanana sana na cha sindano mbili, ila kitakuwa kigumu, kwa hiyo tumia kulabu kubwa zaidi. Mimi binafsi napendelea kuuachia mshono uiname na kubuni mchoro wa mshazari mtupu unaozunguka kofia kuelekea upande ule ule, kwa sababu mshazari ndio asili ya mkeka, na hapo tabia ya mshono inakuwa msaada.

UziMwekundu (Njombe):

Asante sana mama, na asante kaka. Nimeifuma sampuli ya rangi mbili kwa mzunguko kama ulivyoelekeza, mama, na baada ya kuoshwa na kukauka imetoa vitanzi 21 na mizunguko 26 katika sentimita 10. Kofia nitaifuma kwa sindano mbili, ila ule mshazari wa kaka nitaujaribu baadaye kwenye kofia za watoto.

Kinachonitatiza sasa ni skafu. Kofia ikivaliwa hakuna anayeona ndani, lakini skafu inaonekana pande zote mbili, na nyuzi zinazopita nyuma hazipendezi. Je, nifume skafu mbili nizishone pamoja?

FundiLimuru:

Tuanze na kofia, kwa kuwa sasa vipimo vyake vimekamilika. Kwa kichwa cha sentimita 56 na kitambaa cha rangi mbili kisichovutika sana, lenga kofia yenye mzunguko wa sentimita 52 au 53. Vitanzi 21 kwa sentimita 10 vinakupa vitanzi 110 hivi. Kama ungebaki na mchoro wako wa vitanzi 20, 110 isingegawanyika, na mahali mzunguko unapoanzia pangekuwa na almasi iliyokatwa. Panua mchoro uwe wa vitanzi 22, nao utajirudia mara 5 kamili. Upana wa vitanzi 22 ni sentimita 10.5, na kimo hicho hicho kinapatikana kwa mizunguko 27, ambayo ni namba nzuri kwa sababu ina mzunguko wa katikati wa kuiwekea ncha za almasi. Mshazari nao utakuwa umebadilika: sogeza vitanzi 4 katika kila mizunguko 5.

Pindo la chini lifume mbavu za kitanzi kimoja cha kawaida na kimoja cha kinyume (chenye kinundu mbele), kwa kuwa 110 inagawanyika kwa 2 lakini haigawanyiki kwa 4. Tumia sindano za milimita 3.5, na usimame kwenye sentimita 4. Kisha badili sindano, fuma mchoro wako, na ukifika juu gawanya kazi katika sehemu 5 za vitanzi 22, kila sehemu ikiwa juu ya almasi moja. Katika mzunguko mmoja punguza kitanzi kimoja mwanzoni mwa kila sehemu na kimoja mwishoni, na mzunguko unaofuata fuma bila kupunguza. Baada ya kupunguza mara 10 utabaki na vitanzi 10. Pitisha uzi ndani yake, kaza, na ufiche mkia kwa ndani. Kimo cha boshori lote kitakuwa sentimita 22 hivi, ambacho kinafunika masikio ya mtu mzima. Ukitazama kutoka juu utaona nyota yenye pembe tano inayoota kutoka kwenye ncha za almasi. Nyota hiyo haipo kwenye mkeka wala kwenye maelekezo uliyokuwa ukiyafuata. Imetokana na uamuzi wako wa kurudia mchoro mara 5.

Skafu usiishone mbili. Itakuwa nene, mteja ataiona kama blanketi, nawe utatumia uzi maradufu. Seti si lazima itumie ufundi mmoja. Inatosha mchoro uwe mmoja. Kwenye skafu andika almasi kwa rangi moja, ukitumia mshono wa kinyume juu ya uwanja wa mshono wa kawaida. Upande wa pili mchoro huo huo utaonekana umegeuzwa, pale palipokuwa na kinundu pakawa laini na palipokuwa laini pakawa na kinundu, na pande zote mbili zinavalika. Hapa vipimo vyako vya kwanza vya rangi moja vinarudi kazini: almasi ya vitanzi 20 kwa mistari 28, mbili kwa upana, pamoja na pindo la vitanzi 5 kila upande, jumla vitanzi 50, yaani sentimita 25. Pindo lifume mshono wa kawaida mbele na nyuma, lisijikunje. Almasi 16 kwenda juu ni mistari 448, takriban sentimita 160, urefu unaozunguka shingo mara moja na kuacha ncha mbili za kutosha kifuani.

Tahadhari moja kwa sababu ya uzi wako. Mchoro wa vinundu unapendeza ukiwa umesimama, na akriliki ikipigwa pasi ya moto inalala moja kwa moja, wala hairudi. Sufu unaweza kuilowesha, ukainyoosha kwa pini, ikakauka na umbo ulilotaka. Akriliki haikupi nafasi hiyo, kwa hiyo kinachotoka kwenye sindano ndicho utakachouza. Pamba ningeikwepa kabisa kwa kofia hii, maana mbavu zake zinalegea na hazirudi.

PindoNaMji (Dar es Salaam):

Nimefuatilia mjadala huu kwa furaha kubwa, na ningependa kuligusa swali la dada ambalo halijajibiwa, la kama mchoro ni wake.

Michoro ya mikeka imepokezanwa na wasukaji wengi wasiojulikana majina, na hakuna mtu mmoja anayeweza kudai kwamba almasi au mshazari wa ukili ni mali yake. Vivyo hivyo mbinu ya kufuma na mshono wenyewe si vitu vya kumilikiwa na mtu. Hakimiliki inalinda kile ulichokitengeneza kikaonekana, yaani maelekezo uliyoyaandika kwa maneno yako, karatasi ya visanduku uliyoichora na picha ulizopiga. Kwa Tanzania Bara jambo hili linasimamiwa na COSOTA, taasisi ya hakimiliki, chini ya sheria ya 1999, Zanzibar wana taasisi yao, na Kenya wana bodi ya hakimiliki, KECOBO, chini ya sheria ya 2001. Kwa hiyo, dada, waweza kusema kwa dhamiri safi kwamba seti ni ubunifu wako, ukaongeza kwamba mchoro umetokana na mikeka ya Pangani. Kutaja asili hakupunguzi chochote katika kazi yako, na wanaonunua wengi wanapenda kujua.

Kwa upande huo huo, maelekezo ya wengine uliyokuwa ukiyatumia usiyasambaze wala kuyauza kama yako, hata ukiyatafsiri. Tafsiri ya maelekezo ya mtu bado inahitaji ruhusa yake.

Naomba pia nipendekeze mpangilio wa rangi, kwa sababu nimekaa miaka mingi nikitazama kanga. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote nne na mji katikati, na mara nyingi pindo ndilo lenye mchoro mzito huku mji ukipumua. Skafu iliyojaa almasi 16 mfululizo kutoka mwanzo hadi mwisho inachosha jicho. Jaribu kuweka almasi nne kila mwisho, na katikati, sehemu inayozunguka shingo na kukunjamana, uache uwanja wa kawaida wenye mishazari michache. Ncha za skafu ndizo zinazoonekana kifuani, na ndipo mchoro unapostahili kukaa. Matamvua ukiyaweka, yawe na ile rangi ya pili ya kofia, ili mtu aone kwamba vitu viwili hivi ni ndugu.

Utakapoandika maelekezo yako, usitegemee kumbukumbu. Andika aina ya uzi, sindano, vitanzi na mistari katika sentimita 10, vipimo vya kazi ikiwa imekamilika, na ufunguo wa kila alama. Mchoro wa visanduku wenye ufunguo safi unavuka lugha: Wajapani wana alama rasmi za ufumaji, na watu wasiosoma Kijapani hata neno moja wanafuma kutokana na michoro yao. Kisha mpe mfumaji mwenzako ambaye hakukuona ukifanya kazi, afume kutokana na karatasi peke yake, nawe ukae kimya. Kila mahali atakaposimama na kukuuliza, paandike upya.

UziMwekundu (Njombe):

Nimewaelewa wote, na Mungu awabariki. Wazo la pindo na mji limenigusa, nitaichora skafu upya usiku huu. Nibaki na swali moja dogo la mfukoni: nitajuaje kiasi cha uzi kabla ya kwenda dukani? Rangi ninayoitaka duka letu huileta mara chache.

KulabuTanga:

Dada, ipime sampuli kwenye mizani ya jikoni, iwe ni ile ya mchoro wa skafu yenyewe. Tuseme sampuli ina sentimita 15 kwa 15, yaani eneo la sentimita za mraba 225, na ina uzito wa gramu 12. Skafu yako ya sentimita 25 kwa 160 ina eneo la 4,000. Gawanya 4,000 kwa 225, zidisha kwa 12, unapata gramu 213. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya mikia na makosa, kisha uzi wa matamvua, na utaona kwamba vibonge vitano vya gramu 50 vinatosha. Kofia ipigie hesabu kwa njia hiyo hiyo, ukitumia sampuli ya rangi mbili, kwa kuwa uzito wake ni tofauti. Ukifika dukani, soma karatasi iliyozungushiwa kila kibonge na uhakikishe vyote vina namba moja ya upakaji rangi. Vibonge vya namba tofauti vinaweza kulingana dukani na kutofautiana juani, na kwenye skafu ya rangi moja mpaka huo unaonekana kutoka mbali.